Galoni ya Lebo na Galoni ya Nyumbani

Ndugu wafugaji wa samaki wa Kahe,

Sisi huita galoni dumu lolote la plastiki, liwe la lita 5 au la lita 20. Mtengenezaji wa dawa ya samaki hamaanishi hivyo. Galoni ya Marekani ni lita 3.785, ya Uingereza ni lita 4.546.

Chukueni bwawa la perege lenye urefu wa mita 5, upana wa mita 4 na kina cha mita 1. Ujazo wake ni mita za ujazo 20, yaani lita 20,000. Lebo ikiagiza gramu 1 kwa kila galoni 10 za Marekani, dawa itakayohitajika ni gramu 528. Kwa galoni za Uingereza ni gramu 440. Anayehesabu kwa madumu ya lita 20 atatia gramu 100 tu, kisha samaki wakiendelea kufa atamlaumu muuzaji.

Kina kipimwe kwenye maji yenyewe, mahali kadhaa, kwa kuwa chini ya bwawa ni nadra kuwa sawa.

Vipimo halali vya nchi yetu ni vya mfumo wa mita. Kabla ya kulipa, mwulizeni muuzaji kiasi cha dawa kwa lita. Akishindwa kueleza, msinunue.