MGENI SIKU MBILI, SIKU YA TATU MPE JEMBE

(Hotuba ya walimu wa kujitolea waliotoka Rumonge na mwambao wa Burundi, iliyosomwa katika maadhimisho ya Siku ya Kimataifa ya Kujitolea, Desemba 5)

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Kambi,
Ndugu wajumbe,
Waheshimiwa wageni wetu kutoka mashirika ya misaada,
Wazee wetu, akina mama na akina baba,
Walimu wenzetu, na hasa ninyi mlioingia kazini muhula huu:

Tumeombwa tueleze jinsi mtu anavyozoea maisha na kazi ya kujitolea katika nchi isiyo yake.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii inajulikana pande zote za ziwa letu. Haina nia ya kumfukuza mgeni. Inatuambia kwamba mgeni asiye na kazi humchosha mwenyeji, na zaidi hujichosha mwenyewe. Sisi siku yetu ya tatu ilifika zamani. Jembe tulilopewa ni chaki.

TULIKOTOKA

Sisi ni watu wa mwambao. Rumonge iko kiasi cha kilomita 75 kusini ya Bujumbura, kati ya milima na Ziwa Tanganyika. Ni mji wa mawese na wa wavuvi. Ni mji pia ambamo Kiswahili husemwa sokoni na barabarani bega kwa bega na Kirundi, kwa sababu biashara ya ziwa imetuunganisha tangu zamani na Kigoma, Uvira na Baraka.

Mwaka 2015 machafuko yalipoingia nchini kwetu, wengi wa mwambao tulielekea kusini, tukapita Nyanza-Lac, wengine kwa miguu na wengine kwa mitumbwi, hadi Kagunga. Kijiji hicho cha Tanzania kimebanwa kati ya mlima na maji, wala hakikuwa na barabara ya gari. Mwezi Mei 2015 watu waliokuwa ufukweni pale walikadiriwa kufika 50,000. Meli kongwe ya Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ilituchukua mia sita hivi kwa safari moja hadi Kigoma. Tukapokewa katika Uwanja wa Lake Tanganyika, halafu tukapanda mabasi kwenda Nyarugusu, kambi iliyokwisha kuwapokea ndugu zetu Wakongo tangu mwaka 1996.

Kule Kagunga kipindupindu kilituingilia. Zilihesabiwa kesi zaidi ya 3,000, na watu wasiopungua 30 walifariki. Waganga na wauguzi wa Tanzania walifanya kazi usiku na mchana, lakini wagonjwa wengi kutoka milimani walijua Kirundi peke yake. Hapo sisi wa Rumonge tulianza kuitwa. "Nani anajua Kiswahili? Mwambie mama huyu maji haya anyweshwe mtoto kidogo kidogo, asiache." Hatukujaza fomu, wala hakuna aliyeuliza kuhusu malipo. Kazi yetu ya kujitolea ugenini ilianzia mchangani pale, kabla hata hatujapata hema.

MAANA YA NENO KUJITOLEA

Ndugu wageni wetu, baadhi yenu nanyi ni watu wa kujitolea. Wapo waliokuja kwa mpango wa Wajitoleaji wa Umoja wa Mataifa, ulioanza kazi mwaka 1971, na wapo waliokuja kwa njia nyingine. Mliacha ndugu na jamaa, mkaja kula vumbi pamoja nasi. Twawaheshimu kwa hilo. Lakini kati yenu na sisi ipo tofauti moja ambayo ni vizuri isemwe hadharani. Ninyi mlikuja na tarehe ya kurudi. Sisi hatukupewa tarehe.

Tofauti ya pili ni ya sheria. Kwa Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, mkimbizi hukaa mahali alipopangiwa na hatoki bila kibali. Kazi ya mshahara nayo ina masharti yake. Kwa hiyo mwalimu mkimbizi, hata awe amehitimu chuo cha ualimu na kufundisha miaka kumi kwao, huandikwa kuwa mtu wa kujitolea na hupewa posho badala ya mshahara. Wengine wetu tuliposikia neno hilo mara ya kwanza tuliona kama tumevuliwa ualimu wetu. Tumejifunza kwamba jina la kazi hutolewa na ofisi, lakini kazi yenyewe huonekana darasani. Mtoto anayesoma sentensi yake ya kwanza hajui kama mwalimu wake ana mshahara au posho.

KUZOEA KAZI NA MAISHA

Kwa walimu wapya tunasema mambo manne.

Kwanza, mwili. Mtu wa ziwani akihamia nyika za Kasulu huona hana hewa. Sisi tulizoea kula mukeke aliyevuliwa usiku uleule. Kambini tukakuta unga wa mahindi, maharage, mafuta na chumvi. Usione aibu kwa huzuni ya mwezi wa kwanza. Panda mchicha pembeni ya nyumba, jiwekee saa ya kulala na saa ya kuamka, na usikae peke yako jioni. Mwalimu anayejifungia ndani huanza kuchelewa kazini, kisha huacha.

Pili, lugha. Tulidhani Kiswahili chetu kinatosha. Tulipofika tukaona mukeke wetu anaitwa mgebuka, ndagala wanaitwa dagaa, na maneno tuliyochanganya na Kifaransa hayaeleweki. Uliza bila haya. Mwenyeji hafurahi kama anapoulizwa neno la kwao. Na ninyi mliotoka Gitega au Ngozi bila Kiswahili, jifunzeni mapema, maana polisi, muuguzi na mwenye duka wote huzungumza lugha hiyo.

Tatu, jirani. Mwaka ule wa 2015 watoto wetu walianza masomo chini ya miti. Mvua iliponyesha, shule ilikwisha kwa siku hiyo. Ndugu zetu Wakongo, ambao wengi ni wa Fizi na Uvira, ng'ambo ya ziwa letu, walitupisha madarasa yao: wao asubuhi, sisi mchana. Walikuwa na shida ya nafasi kabla yetu, na bado waligawana. Kwa hiyo mwalimu wa zamu ya mchana afute ubao na kufagia kabla ya kutoka. Ni jambo dogo, lakini ugomvi mwingi wa kambi huanzia kwenye jambo dogo kama hilo.

Nne, darasa lenyewe. Vyuoni tulifundishwa kuandaa somo kwa wanafunzi hamsini. Hapa tumekuwa na madarasa ya watoto mia na zaidi. Wagawe katika vikundi, kila kikundi kiwe na kiongozi, na mbadilishe kiongozi kila juma ili asigeuke kuwa bwana mkubwa. Vifuniko vya chupa hufundisha kuhesabu. Ubao ukichakaa, unga mweusi wa betri kuukuu huufanya upokee chaki tena. Na yuko mtoto anayenyamaza siku nyingi. Usimchape wala usimsimamishe mbele ya wenzake. Mpe kazi ya kugawa madaftari. Wengi waliona mambo ambayo mtoto hapaswi kuona, na huanza kusema tena kwa wakati wao.

FUNZO LA MWAKA 1972

Ndugu Mwenyekiti, watu wa Rumonge hatukuanza ukimbizi juzi. Aprili 29, 1972, vita viliwaka kwetu katika mwambao wa kusini, na mauaji yaliyofuata yalienea nchi nzima. Wazee wetu walivuka ziwa, wakapewa mashamba katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo. Watoto wao walisoma mtaala wa Tanzania, Kiswahili katika shule ya msingi na Kiingereza sekondari. Walisoma vizuri. Mwaka 2010 Tanzania ilitangaza kuwapa uraia zaidi ya watu 162,000 wa kundi hilo, nasi Warundi hatutausahau ukarimu huo.

Lakini wengine walichagua kurudi, wengi wao katika mwaka 2008 na 2009. Walifika Rumonge na Nyanza-Lac wakakuta mashamba ya michikichi ya baba zao yana wenyewe wengine. Shida hiyo ya ardhi inajulikana. Ya shuleni haisemwi sana. Kijana aliyekuwa sekondari Tanzania alikuta masomo ni ya Kifaransa. Wengi waliketi benchi moja na watoto wadogo kuliko wao, wakachekwa, na wapo walioacha shule moja kwa moja. Hawakuwa wajinga. Walikuwa na elimu ambayo shule ya nyumbani haikuweza kuisoma.

Sisi wa kambi za baadaye tumefundisha mtaala wa Burundi, kwa Kirundi na Kifaransa, ili mtoto akirudi aendelee alipoishia. Tangu Septemba 2017, safari za kurudi zilipoanza, tumeaga wanafunzi wengi. Hapa ndipo tunapoona thamani ya kazi yetu, na hatari yake pia. Mwalimu akiacha katikati ya muhula bila kukabidhi daftari la alama, mtoto hupanda basi la kurudi bila ushahidi wa darasa alilofika. Mwalimu mmoja akiondoka ghafla, watoto mia hupoteza mwaka.

MAOMBI YETU

Kwa walimu wenzetu: twajua posho ni ndogo, na kwamba kazi ya ghala au ya ukalimani huweza kulipa zaidi. Hatumlaumu anayetafuta riziki ya watoto wake. Tunaomba amalize muhula, aandike alama zote, na amwoneshe anayempokea kila mwanafunzi kwa jina.

Kwa wazazi: mpelekeni mtoto shule hata kama mnafikiria kurudi mwezi ujao. Anayekaa nyumbani akisubiri safari huisubiri bila kujifunza kitu.

Kwa mashirika: tunaomba mawili. Posho ifike siku iliyopangwa, kwa sababu deni la dukani halisubiri. Na kila mwalimu anayeondoka apewe barua ya utumishi, yenye sahihi na mhuri, ikitaja darasa, somo na miaka aliyofundisha, kwa lugha inayosomeka kule aendako. Mwalimu aliyefundisha miaka minane chini ya mti akifika nyumbani bila karatasi huhesabiwa kama mtu aliyekaa bure miaka minane. Barua hiyo ni karatasi moja tu.

Kwa Kamati: tunaomba mwakilishi wa walimu aketi katika vikao vyenu, ili habari za shule ziwafikie kabla ya kuwa malalamiko.

Ndugu zetu, kuzoea ugeni si kusahau kwenu. Kila siku twafundisha ramani, na mkono ukifika kwenye ziwa lile refu twaonesha Rumonge, kisha Kagunga, kisha Baraka ng'ambo. Watoto wengi waliozaliwa kambini hawajayaona maji hayo. Atakayerudi tunataka aweze kusoma kibao cha shule atakayofikia. Atakayebaki tunataka aweze kumfundisha mdogo wake. Muhula unaendelea, na Jumatatu saa moja na nusu asubuhi kengele italia.