Bata Anapokoroma, Tazama Kwanza Anapolala

(Mazungumzo na kikundi cha wafugaji wadogo na watoto wao)



Leo tumeombwa tuseme juu ya bata anayepumua kwa shida. Huenda mtu akauliza, bata ni kitu gani hata tukae chini ya mti kwa ajili yake? Nasi twajibu: nyumba nyingi hapa zina bata mmoja au wawili tu, na mara nyingi ni wa mtoto. Mtoto amempa jina, anamchimbia minyoo, na jioni anamfungia. Bata huyo akianza kukoroma usiku, mtoto halali. Tena mayai yake ndiyo daftari na kalamu. Kwa hiyo jambo hili si dogo.

Kwanza tujue bata anavyopumua. Sisi watu tuna msuli chini ya mapafu unaovuta pumzi. Bata hana. Yeye hupanua kifua na tumbo, na hewa ikishapita kwenye mapafu huingia katika vifuko vilivyoenea mwilini, hata ndani ya baadhi ya mifupa. Basi, watoto, sikieni hapa: ukimbana bata kifuani kwa nguvu atakosa hewa, hata kama pua yake iko wazi, na anaweza kufa mikononi mwako. Zuia mabawa, lakini kifua kiache huru. Tena uchafu anaouvuta hufika mbali ndani yake, na kuutoa ni kazi ngumu.

Si kila sauti ni ugonjwa. Lile dume lenye nyama nyekundu usoni halilii, hupuliza tu kama nyoka. Ndivyo lilivyo. Na mchana wa jua kali bata yeyote hufungua mdomo na kutweta. Mpe kivuli na maji. Akitulia, hana neno.

Mgonjwa utamjua hivi. Yuko kivulini, ametulia, lakini mdomo u wazi. Mkia unapanda na kushuka kwa kila pumzi. Anakoroma, anapiga chafya, pua inatoa makamasi, macho yana povu. Jike aliyekuwa na makelele sasa anatoa sauti ya kukwaruza. Hali, na anajitenga na wenzake.

Ukiona hayo, fanya mambo manne siku hiyo hiyo:

1. Mtenge na wengine. Mweke katika sanduku au kikapu kikubwa, mahali pakavu, penye joto kiasi, pasipo na moshi. Jikoni kwenye kuni si mahali pake.

2. Mpe maji safi katika chombo chenye kina, aweze kuzamisha kichwa mpaka machoni. Bata huosha pua yake kwa maji. Ukimpa unga mkavu bila maji, unaganda puani na kumkaba. Uchafu uliokauka juu ya pua, ufute taratibu kwa kitambaa na maji ya vuguvugu.

3. Usimnyweshe kitu kwa nguvu, iwe dawa, mafuta au maji ya pilipili. Bata anayehema humeza vibaya, na kikipita njia ya hewa kitamwua.

4. Wahudumie wazima kwanza, mgonjwa mwisho, kisha unawe mikono kwa sabuni.

Ukimaliza, nenda ukatazame anapolala. Hili ndilo neno kubwa la leo. Inua matandiko kwa mkono wako. Mara nyingi, hasa msimu wa mvua, utakuta majani yameloa, na chini yake kuna ukungu mweupe au wa kijani. Ukungu huo hutoa vumbi jepesi mno, na bata akilivuta, linaota ndani ya mapafu na vile vifuko. Vifaranga hufa upesi. Wakubwa huteseka kwa majuma.

Hapo ndipo wengi hupoteza pesa. Wanakimbilia dukani kununua dawa ya kuua bakteria, au wanafungua vidonge vya tetrasaiklini vya watu na kumwaga ndani ya maji. Jamani, dawa hiyo haiui ukungu. Dawa za ukungu zipo, lakini ni ghali, hutumiwa kwa muda mrefu, na mara nyingi huja kuchelewa. Kuzuia ndiko kunakosaidia.

Tena chutama mpaka kimo cha bata, halafu uvute pumzi. Macho yakikuwasha, ujue hewa ya kinyesi ni kali mno, nayo inaunguza koo la bata usiku kucha.

Kwa hiyo ondoa matandiko yote yaliyoloa. Tandika maranda ya mbao au makapi ya mpunga, yaliyo makavu. Chombo cha maji kiwe nje ya kibanda. Acha nafasi ya hewa juu ya ukuta, chini ya paa. Na mahindi yaliyoota ukungu tusiseme, "haya ni ya bata." Mwaka 2004 mahindi ya namna hiyo yaliua watu zaidi ya 100 mashariki mwa Kenya, na bata mchanga ni dhaifu sana kwa sumu hiyo. Tukumbuke pia kwamba mahindi meupe peke yake hayana vitamini A, na bata akiikosa, macho huvimba na pua hutoa uchafu. Majani ya sukuma wiki au mchicha humsaidia.

Yako magonjwa ya bakteria yanayotaka dawa kweli, kama kipindupindu cha kuku, ambacho huwaua bata pia. Lakini kupima ni kazi ya daktari wa mifugo. Ndiye atakayesema ni dawa gani, kiasi gani kwa uzito wa bata, na siku ngapi mayai yasiliwe.

La mwisho ni zito. Bata au kuku wakifa wengi kwa pamoja, msichinje, msiuze, msitupe mtoni. Mwambieni bwana mifugo au chifu siku hiyo hiyo. Mnamo Januari 2017 homa ya ndege ilipatikana Uganda, karibu na Entebbe, kwa ndege wa mwituni, kisha kwa bata na kuku wa nyumbani. Ziwa hilo ni letu pia, na ndege hawaulizi mpaka. Bata anaweza kubeba homa hiyo bila kuonekana mgonjwa. Mtoto asilale naye chumba kimoja, hata akimpenda namna gani.

Basi leo jioni, kabla ya kufunga kibanda, kila mmoja ainue matandiko na kuyanusa. Yakinuka uvundo, yatoke usiku huu huu, msingoje kesho.

Sasa tuleteeni hao bata tuwatazame.