Mashine ya Kukatia na Kusagia Vyakula katika Nyumba ya Mkulima wa Kahawa

(Mazungumzo ya kusomwa katika mikutano ya Vyama vya Msingi, wilaya za Karagwe na Kyerwa)



Katika majira ya kuchuma kahawa, mama wa nyumba wa Karagwe au Kyerwa huamka kabla ya jua na kwenda shambani pamoja na mumewe. Jioni wote wawili hurudi nyumbani, lakini siku ya kazi huwa imekwisha kwa mmoja wao tu. Mwenzake bado ana ndizi za kumenya, vitunguu na nyanya za kukatakata, na karanga za kutwanga kwa kinu na mchi. Chakula huiva usiku, na watoto wadogo aghalabu huwa wamekwisha kulala. Kazi hiyo haiandikwi katika daftari lolote la chama, ingawa bila kazi hiyo kahawa isingefika ghalani.

Kwa kuwa umeme umefika katika vijiji vingi vya wilaya hizi mbili, yafaa wanachama wafikirie kama mashine ya kukatia na kusagia vyakula ni anasa ya watu wa mjini, au ni chombo cha kazi kama zilivyo jembe na baiskeli.

Mashine hii haikubuniwa kwa ajili ya nyumba. Katika nchi ya Ufaransa, Pierre Verdun alibuni mashine iitwayo Robot-Coupe kwa ajili ya wapishi wa mahoteli. Baadaye ikatengenezwa ndogo ya nyumbani, Magimix, na mwaka 1973 Carl Sontheimer akaionyesha mjini Chicago, Marekani, kwa jina la Cuisinart. Ni vema kuzingatia jambo hilo. Jikoni ambamo mpishi hulipwa mshahara, saa zake zilihesabiwa, na kwa kuwa zilihesabiwa, alitokea mtu wa kutafuta njia ya kuzipunguza. Mama wa nyumba hakulipwa, na kwa hiyo zamu yake ilikuja baadaye.

Umbo lake si gumu kueleweka. Kuna mota chini, bakuli pana juu yake, na ndani ya bakuli kisu chenye mabawa mawili kinachozunguka kwa kasi. Inatofautiana na blenda ya kusagia maji ya matunda, kwa maana blenda huhitaji majimaji ili izunguke vizuri, bali mashine hii hukata na kusaga hata vitu vikavu kiasi.

Kazi inazozifanya barabara ni hizi. Vitunguu, karoti, kabichi na tangawizi hukatwa kwanza vipande vikubwa, kisha mashine huwashwa na kuzimwa mara chache kwa vipindi vifupi; ikiachwa kuzunguka mfululizo, kitunguu hugeuka uji. Nyama hutolewa mifupa na kukatwa vipande vidogo kabla ya kusagwa. Karanga hukaangwa, huachwa zipoe, humenywa, kisha husagwa bila maji. Kwanza huwa unga, na zikiendelea kusagwa hutoa mafuta yake zenyewe na kuwa laini kwa mchuzi. Mota ipumzishwe kila inapopata joto.

Kuna kazi ambazo hapana budi ziachwe kwa mikono. Mashine haimenyi ndizi. Tena haitengenezi maji ya ndizi kama yale yanayokamuliwa kwa nyasi ndani ya mtumbwi wa mti. Ndizi mbivu zikisagwa kwa kisu hutoa rojo zito, wala si maji, kwani ni kule kukandwa pamoja na nyasi kunakoyatenga maji na nyama ya tunda. Wazee waliogundua njia hiyo hawajashindwa na mota. Mahindi makavu nayo yapelekwe kwenye mashine ya kijiji, kwa maana yataharibu kisu.

Jambo kubwa zaidi linahusu afya. Anayetwanga karanga kwa kinu huziona moja moja anapozichambua na kuzipepeta. Anayezimimina katika bakuli la mashine anaweza asizitazame kabisa. Mashine husaga mbovu na nzima pamoja, na unga ukishakuwa laini, hakuna jicho litakaloona kilichokuwamo. Karanga na mahindi yaliyoota ukungu huweza kuwa na sumukuvu, sumu ambayo haiondoki kwa kukaangwa wala kupikwa kwa kawaida. Mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Kwa hiyo karanga zote zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitolewe kabla ya kukaangwa, na zitupwe.

Vivyo hivyo, mihogo michungu haiwi salama kwa sababu tu imesagwa. Bado yahitaji kulowekwa na kukaushwa. Na maharage mekundu yasisagwe mabichi yakapikwa kwa haraka. Yalowekwe, yachemshwe sana hadi yaive, ndipo yasagwe.

Maharage yaliyoiva ndiyo pengine yanayoleta faida kubwa kuliko vyote. Mkoa wa Kagera umekuwa miongoni mwa mikoa yenye watoto wengi waliodumaa, ingawa migomba haijapungukiwa na mikungu. Mtoto aliyepita miezi 6 akishibishwa ndizi peke yake hushiba bila kujengeka. Ndizi zilizopikwa, zikisagwa pamoja na maharage yaliyoiva na karanga kidogo, humpa chakula laini anachoweza kukimeza. Lakini wako watakaoongeza maji mengi ili kisu kizunguke kwa urahisi. Hilo ni kosa, kwa kuwa tumbo la mtoto ni dogo, na maji hulijaza bure. Ulainishwe kwa maziwa yaliyochemshwa au mchuzi wa maharage, na ubaki mzito kiasi cha kutomwagika upesi kijikoni.

Kuhusu usalama, vyakula visukumwe kwa kisukumio, kamwe si kwa vidole. Waya uchomolewe kabla ya kisu kuguswa. Kisu kisiachwe ndani ya beseni lenye povu la sabuni, ambamo mwoshaji mwingine hatakiona, na watoto wasiruhusiwe kukiosha.

Gharama ya umeme si kubwa. Mashine ya wati 600 ikifanya kazi dakika 10 kwa siku, hutumia uniti moja kwa siku 10. Umeme wa jua uliowekwa kwa ajili ya taa na simu hauwezi kuiendesha. Nyumba isiyo na umeme yaweza kununua mashine ya mkono ya kusagia nyama au karanga, ambayo hufungwa mezani na kuzungushwa kwa mpini, na majirani wachache waweza kuichangia.

Gharama iliyo kubwa ni ya kuinunua, na hapo ndipo penye mjadala. Katika kaya nyingi jina lililoandikwa chamani ni la mume, na malipo ya kahawa hupokelewa naye. Baiskeli hununuliwa bila ubishi, kwa kuwa huonekana kuwa chombo cha kazi. Chombo cha jikoni huambiwa kingoje msimu ujao, na msimu ujao nao huwa na shida zake. Wakati huohuo, aliyeichuma na kuianika ile kahawa anaendelea kutwanga usiku.

Hakuna anayesema kila nyumba inunue mashine. Nyumba yenye deni la ada ya shule ilipe ada kwanza. Linalotakiwa ni kwamba malipo yanapofika, mume na mke waketi pamoja, wazihesabu saa za jikoni kama wanavyoyahesabu magunia, kisha waamue. Viongozi wa Vyama vya Msingi wanaombwa kuliweka jambo hili katika ajenda ya mkutano utakaotangulia malipo, na kuhakikisha kwamba akina mama wanaalikwa na kupewa nafasi ya kusema.