Mavi ya Chuma

Wanafunzi wa Matombo, nanyi mnaotusikiliza kwingineko, fungueni madaftari. Neno jipya la leo ni "oksidi". Someni polepole: o-ksi-di.

Chuma kikiungana na oksijeni, ile sehemu ya hewa itupayo uhai, hupatikana oksidi ya chuma. Mmeiona: ni kutu ya jembe. Chokaa itokayo tanurini, kabla haijatiwa maji, nayo ni oksidi.

Sasa fikirini mchanga mweupe. Peke yake hauyeyuki mpaka moto upite digrii 1,700 za Selsiasi, na hata ukiyeyuka ni mzito mno, haumiminiki. Chembe zake zimeshikana mikono pande zote. Tieni oksidi ya chuma: yaingia kati na kuiachanisha mikono mingi. Hapo mchanga wayeyuka kwenye digrii 1,200 hivi, nao watiririka kama uji.

Wahunzi wa kale waliitegemea kazi hiyo. Huko Dakawa, kaskazini ya mji wa Morogoro, wachimbuaji wa mambo ya kale wamepata mavi ya chuma ya watu walioyeyusha chuma zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Tanuri la udongo lenye makaa na mivukuto haliwezi kuyeyusha mchanga mtupu. Basi sehemu ya chuma ilibaki oksidi, ikaungana na mchanga uliokuwamo katika mawe ya chuma, ikachuruzika chini. Chuma safi kikabaki donge. Fundi alitoa chuma ili apate chuma! Moto ukipungua mapema, uchafu ulimgandia ndani, na makaa yote aliyoyachoma yamepotea.

Viwanda vikubwa hutumia chokaa badala yake, hivyo chuma hakipotei sana. Marumaru ya Matombo ni jamaa ya mawe hayo ya chokaa.

Milima ya moto nayo hufuata kanuni hiyo. Uji wa mawe wa Nyiragongo, huko Kongo, una oksidi nyingi, kwa hiyo ni mwepesi sana. Mwaka 1977 ulishuka mbio ukaua watu. Januari 2002 uliingia mjini Goma.

Kazi ya nyumbani: waulizeni wazee wenu kama wamepata kuokota shambani mawe meusi, mazito, yenye vitundu. Andikeni mahali yalipoonekana. Kwaherini mpaka juma lijalo.