Fedha Hujenga Meli, Kanuni Huwalinda Abiria

Ndugu Mwenyekiti, ndugu walimu na watumishi wa umma wa Bukoba na Muleba,

Nimeombwa nizungumze juu ya fedha na kanuni za Ulaya katika usafiri wa umma na reli. Huenda baadhi yenu mnajiuliza jambo hilo linatuhusu nini sisi ambao mkoa wetu hauna hata kilomita moja ya reli. Jibu ni kwamba kwa miaka mingi reli yetu ilikuwa ni ziwa. Njia ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, nasi tukawa tunaifuata kwa meli. Meli hizo zilikuwa mali ya shirika la reli la Afrika Mashariki, na baada ya Jumuiya kuvunjika mwaka 1977, za Shirika la Reli Tanzania, hadi huduma za meli zilipotengwa katika miaka ya 1990.

Victoria na Umoja, meli ya kubebea mabehewa, zilijengwa Scotland katika miaka ya 1960. Hata katika reli mpya ya kisasa mkono wa Ulaya umo. Mwaka 2020 Serikali ilitia saini mkopo wa dola bilioni 1.46 za Kimarekani, ulioratibiwa na benki ya Standard Chartered, huku mashirika ya dhamana ya Denmark na Sweden yakishiriki. Mashirika ya namna hiyo huundwa ili kuwasaidia wauzaji wa nchi zao. Si sadaka, na hakuna ubaya wowote mradi tujue kwamba deni ni letu.

Lakini fedha peke yake haimfikishi abiria salama. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na watu zaidi ya 800 wakafa. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Orodha ilionyesha watu 443 katika daraja la kwanza na la pili tu. Abiria wa daraja la tatu, yaani wanyonge, hawakuandikwa kabisa. Miaka 22 baadaye, Septemba 2018, kivuko cha Nyerere chenye uwezo wa abiria 101 kilipinduka karibu na Ukara, na watu zaidi ya 220 wakapoteza maisha. Kuhesabu watu kabla ya kung'oa nanga hakuhitaji mkopo wa nchi yoyote.

Sasa tutazame kanuni. Umoja wa Ulaya una Kanuni Namba 1370 ya mwaka 2007 juu ya huduma za abiria kwa reli na barabara, na nchi wanachama zimeruhusiwa kuitumia hata katika njia za maji za ndani. Msingi wake ni rahisi. Zipo safari ambazo mfanyabiashara hawezi kuziendesha kwa faida, lakini wananchi hawawezi kuishi bila hizo. Mamlaka ya umma ikitaka safari hizo ziwepo, hufunga mkataba na mwendeshaji. Mkataba hutaja wajibu wake, na hueleza mapema fidia itakokotolewa vipi, ili asilipwe kupita kiasi. Kila mwaka mamlaka hutoa taarifa kwa umma.

Ndugu zangu, Victoria iliposimama mwaka 2014, haikurudi kazini hadi mwaka 2020. Katika muda huo msafiri wa Bukoba aliizunguka nchi kavu kwa basi. Leo daraja la Kigongo hadi Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeifanya njia hiyo iwe nyepesi zaidi. Tufurahi, lakini tusisahau kwamba basi linaweza kuwanyang'anya meli abiria wake, na kwamba hakuna daraja liendalo Bumbire, Ikuza wala Goziba. Mwalimu wa visiwa hivyo vya Muleba na mama mjamzito anayehitaji hospitali hawana njia nyingine ila maji.

Kwa hiyo hatuna budi kuiga lililo jema. Safari za visiwani ziwe na mkataba ulio wazi, wenye ratiba, nauli, idadi ya abiria na kiasi cha fidia, nao ubandikwe gatini na katika ofisi za kata. Tunazo mamlaka zetu: LATRA kwa nchi kavu na TASAC kwa vyombo vya majini. Kazi ya madiwani na maofisa ni kuzipelekea hoja zenye takwimu. Kazi ya mwalimu ni kumfundisha mtoto kusoma ubao wa uwezo wa chombo na kukataa kupanda kilichojaa.

Mgeni anaweza kutukopesha chuma na injini. Kuandika jina la kila abiria, hata yule wa daraja la tatu, ni wajibu wetu wenyewe.