Hukumu Tunayo, Mtoto Hatumuoni

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Baraka

Nilipangiwa kuongea juu ya mbegu. Lakini mwezi huu watu watatu wamenifikia na neno moja: tribinali imesema nione mtoto wangu, mwenzangu amekatala. Mbegu zitangoja.

Mnajua shida imetoka wapi. Wengi walioana Lugufu ao Nyarugusu. Wazee hawakuwepo wote, mahari ikabaki ahadi: tutamaliza nyumbani. Watu wakarudi, ndoa ikavunjika, mahari bado. Hapo bibi anasema, hukumaliza mahari, mtoto si wako. Ao ukoo wa bwana wanabaki na mtoto na kumwambia mama aende zake. Kanuni ya familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inasema kila mtoto wa Kongo sherti awe na baba, hata kama alizaliwa inje ya ndoa. Na sheria ya 2009 ya kulinda mtoto iliweka tribinali ya watoto, njo inaamua wazazi wakigombana juu ya malezi na chakula cha mtoto. Mahari ni deni la familia mbili. Mtoto si rehani.

Sasa hukumu iko mfukoni na mlango umefungwa. Hapa mimi mwenyewe nilikosea. Nilimwambia baba mmoja aende na polisi. Haki alikuwa nayo, Jumamosi mbili kila mwezi, imeandikwa. Alipofika na mtu wa bunduki, binti yake wa miaka sita aliingia chini ya kitanda, akajikojolea. Baba akarudi mikono mitupu. Ilichukua miezi mingi, kupitia shangazi wa upande wa mama, kuanza tena na nusu saa. Siku hizi mtu akiniambia "niko na ndugu mwanajeshi," ninamkalisha chini kwanza.

Wewe nenda siku yako, hata kama unajua watakatala. Nenda na mzee ambaye pande zote wanamheshimu. Wakikatala, usigombane mlangoni, mtoto anasikia. Rudi nyumbani, andika ndani ya daftari: siku, saa, walisema nini, nani alikuwepo. Kisha muone grefie, uombe kopi ya hukumu yenye muhuri wa kuitekeleza, na wisie aipeleke kwa mwenzako, asije akasema hakuiona. Bado anakatala? Rudi kwa juji na daftari lako. Unaweza hata kumuomba abadilishe mahali, mtoto aonekane kwa bibi yake ao kwenye kanisa.

Jambo linaloumiza zaidi ni pesa. Wababa, msikate pesa ya chakula kwa sababu hamjaona mtoto. Najua inachoma. Lakini tumbo la mtoto halikufunga mlango, na mbele ya juji utakuwa na kosa lako mwenyewe. Lipa mbele ya shahidi, saini iwepo. Wamama, na nyinyi msifunge mlango kwa sababu pesa haijafika. Pesa idai kwa tribinali. Kama kuna hatari ya kweli, mtu anapiga ao anakuja amelewa, usimfiche mtoto kimyakimya: mwambie juji, uombe aonekane mbele ya mtu mwingine.

Kwa wafadhili neno moja. Moto ya kwenda tribinali, kopi, wisie, kila kimoja kinaomba franga ambazo mama anayeuza ndagala hana. Watu hawaachi haki kwa kutojua tu. Wanaiacha njiani, nauli ikiisha. Sanduku dogo la safari lingetusaidia kuliko semina ingine, na ninasema hivyo mimi ninayelipwa kufanya semina.

Wale watatu, tuonane nyuma ya kikao, pale chini ya muembe. Mje na hukumu zenu. Madaftari niko nayo.