Burse imekatika katikati ya mwaka: wanafunzi wetu wa kazi ya sosiali

Maneno ya komite mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Baraka, 2025

Tulipewa saa moja ya kusema juu ya shamba la pamoja na juu ya burse. Shamba tunalimaliza haraka: muhogo umeota vizuri, pampu imeharibika, fundi ameitwa. Mambo yenyewe ya leo ni burse.

Munajua tulianza wapi. Wengi wetu tulishuka meli hapa Baraka tangu mwisho wa mwaka 2005, tukitoka Kigoma, watu wa Lugufu na watu wa Nyarugusu. Tulikuta nyumba zimeanguka, viwanja vina watu wengine, na watoto waliozaliwa kambini hawajui hata kijiji cha baba yao kiko upande gani. Nani alikaa chini pamoja na sisi? Hakuwa jaji, hakuwa komanda. Alikuwa asistanti sosiali mwenye daftari na baiskeli, akiandika mtoto mmoja mmoja: huyu alitengana na mama yake wapi, nani anaweza kumpokea kwa sasa, shangazi yake yuko Mboko ao Kazimia. Kwa hiyo chama kilipopata nguvu kidogo tulisema: na sisi tusomeshe watoto wetu katika kazi hii.

Tena tusidanganyane. Kazi hii si ya mtu aliyefanya semina ya siku tano akapewa kofia na fulana. Sheria ya kulinda mtoto, ile ya tarehe 10 Januari 2009, inamtaja asistanti sosiali: ndiye anayechunguza maisha ya mtoto na kumpelekea jaji ripoti. Ripoti ikiwa mbovu, mtoto anaweza kujikuta amelala na watu wazima gerezani. Msichana aliyebakwa akiulizwa vibaya mara ya kwanza, mara ya pili hatarudi. Kujua kuuliza, kujua kunyamaza, kujua siri ni ya nani, hayo yanafundishwa kwa miaka, na kwa staji chini ya mtu aliyekwisha kuzoea.

Sasa tuje kwa pesa. Wazee walio hapa wanakumbuka wakati wa Zaïre: mwanafunzi wa chuo alikuwa anapata burse ya Serikali, wengine walikuwa wanamtumia mama yao kitu kidogo. Hayo yamekwisha zamani. Leo mzazi ndiye analipa minervali, mitihani, silabusi, nauli ya staji, mpaka kuchapisha kitabu cha mwisho. Iko burse ya DAFI, ambayo Ujerumani inalipa kupitia UNHCR tangu 1992, lakini inaenda zaidi kwa wakimbizi walio katika nchi iliyowapokea. Mtu akirudi kwao karatasi ya ukimbizi inakwisha; umaskini haukwishi siku ile ile. Sisi tuko katikati. Kwa hiyo tulifurahi sana wakati mshirika mmoja alikubali kulipia wanafunzi wetu saba. (Jina lake hatutalitaja, hayupo hapa kujitetea.) Alikuwa analipa kwa transhi mbili kila mwaka, na sisi tunatoa chakula na nauli.

Mwaka huu umetupiga mara mbili. Tarehe 20 Januari rais wa Marekani, Donald Trump, alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na tarehe 1 Julai USAID yenyewe ikaacha kazi yake. Marekani ilikuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa misaada ya dharura katika Kongo. Mshirika wetu si wa Marekani, lakini kumbe sehemu ya pesa yake ilikuwa inatoka kule. Ndani ya mwezi ule ule wa kwanza M23 wakaingia Goma, na katikati ya mwezi wa pili wakaingia Bukavu. Banki zikafungwa. Wanafunzi wetu watatu waliokuwa Bukavu walibaki na simu mkononi. Hata kile kidogo tulichokusanya sisi wenyewe tulikituma vipande vipande kwa simu, na kila anayetoa pesa akakata yake. Transhi ya pili haikufika. Ilifika barua, mistari sita, ya kutushukuru kwa ushirikiano mzuri.

Mmoja wa wasichana wetu, wa mwaka wa tatu, alikuwa amekwisha kumaliza staji kule Lusenda, kati ya wakimbizi wa Burundi. Siku ya mtihani jina lake halikuwa kwenye orodha ya waliolipa. Alibaki nje ya dirisha, akasikia mwalimu anasoma maswali. Alituambia: «Matatu ya kwanza nilikuwa nayajua yote.» Sasa anauza makala pale sokoni. Hatusemi hivyo ili mtu alie. Tunasema juu mwezi uliopita mwanachama mmoja aliuliza kwa nini huyu mtoto hakuhangaika mwenyewe. Alihangaika.

Tuko na kosa letu pia. Mwaka jana, mbele ya Noeli, mshirika alituandikia kwamba programu «itafikiriwa upya». Tulisoma neno hilo, tukaliacha pale pale. Hatukuambia wazazi, hatukuambia wanafunzi. Tungesema, labda mzazi mmoja angeuza mbuzi wakati bei ilikuwa nzuri, labda mwanafunzi mmoja angechagua kulipa minervali mbele ya kununua kompyuta. Tulitegemea mkono mmoja, na tulifunga macho ulipoanza kutetemeka. Tunaomba musamaha.

Kuna wanaosema: hawa watoto wanasoma, halafu wanaenda kufanya kazi Kalemie ao Kinshasa, na sisi tunabaki na mabati yanayovuja. Maneno hayo yana ukweli. Kati ya waliomaliza zamani, wengine wameenda na simu zao hazijibu. Lakini yule aliyebaki ndiye alikaa siku nne na familia mbili zilizogombania kiwanja. Munazijua. Leo zimekaa benchi moja.

Basi komite tulikuwa na pesa kidogo na majina saba. Kugawa sawasawa ni kuzuri kwa masikio, lakini kila mmoja angepata robo ya deni lake, na wote saba wangebaki nje ya dirisha. Tuligombana mpaka usiku. Tuliamua wawili wa mwaka wa mwisho wamalize kwanza, mmoja wao ni yule wa makala. Wale watano tumewaandikia vyuo vyao wawekewe nafasi, na wakati huu watasaidia katika chumba chetu cha kusikiliza watu, hapana peke yao, na hapana kwa mambo ya ubakaji. Baba mmoja wa hao watano amekasirika na hasalimii mwenyekiti. Ana haki yake.

Tunawaomba kila mwanachama aongeze franka 1,000 kwa mwezi. Mavuno ya kwanza ya muhogo yataenda huko pia. Sanduku ya msiba hatuigusi. Mwanafunzi na mzazi wake wataweka sahihi kwamba akimaliza atafanya kazi miaka miwili hapa Fizi. Akipata kazi pengine mbele ya hapo, aende, lakini arudishe kilicholipwa, polepole.

Kwa wafadhili tuko na ombi moja refu. Hatuombi mulipie wengi. Mukichukua mtoto mmoja, mumfikishe mwisho. Mulipe mwaka mzima mwanzoni, juu transhi ya pili ndiyo inayouawa na vita na banki. Mukumbuke staji, maana minervali bila nauli ya staji ni mtumbwi bila kasia. Na mukiona mfuko wenu unapungua, mutuambie miezi sita mbele, kwa maneno wazi. Pesa ya semina za siku tano, kama iko, tutaipokea kwa heshima, lakini tungependa mutuulize kwanza.

Chuo kinataka malipo ya hao wawili mbele ya tarehe 15 ya mwezi ujao. Daftari iko mezani kwa mama mweka hazina. Asiye na franka leo, muhogo unapimwa nje, kwa kilo.